Vidonge vya Kulwa na Doto

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini nilifunga darasa siku zile nikaondoka kwenda Tabora bila kuaga. Nitawaeleza polepole, hatua kwa hatua, pamoja na kosa lililotutoa nyumbani, maana kosa hilo lilikuwa langu.

Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, lakini shemeji yangu alikuwa bado kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Dada yangu Rebeka alirudi kukaa kwetu na mapacha wake wa miaka minne, Kulwa na Doto. Doto akashikwa na kichomi. Bwana dresa wa kituo chetu cha dawa alitupa vidonge vyeupe vya siku nne. "Vyote ni vyake," alisema. "Hata akipata nafuu, avimalize."

Desturi yetu mnaijua. Mapacha hawabaguliwi. Ukimpa mmoja kitambaa, na mwenzake apate. Ukimnyima, atasononeka, ataugua, na pengine atakufa. Basi mama yangu alileta vidonge mezani, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye unayejua kugawa sawasawa." Nikachukua wembe, nikakata kila kidonge katikati. Nusu kwa Doto aliyekuwa akiungua homa, nusu kwa Kulwa aliyekuwa akifukuza kuku uani. Vipande vililingana vizuri, nami nikaona fahari.

Siku ya tano asubuhi, Doto alihema harakaharaka, na kila alipovuta pumzi ngozi ilizama chini ya mbavu. Vidonge vilikuwa vimekwisha, na dresa naye hakubakiwa na kimoja. Aliweka sikio kifuani mwa mtoto, akainuka na uso uliobadilika. "Tabora," alisema. "Leo."

Saa mbili asubuhi nilikuwa na baiskeli mlangoni. Niliwaza kumpakia Rebeka nyuma, Doto mgongoni mwake, tufike mjini kabla ya saa sita. Mama akasimama mbele ya gurudumu, amemshika Kulwa mkono.

"Doto haondoki bila Kulwa."

"Mama, mzigo utakuwa mzito. Njia ina mchanga."

"Unataka nizike wangapi?"

Nikampandisha Kulwa kwenye chuma cha mbele, tukaondoka.

Njia ile ni ya zamani. Babu zetu waliipita na mizigo ya pembe vichwani wakienda pwani, na mchanga wake umesagwa na nyayo nyingi. Baiskeli ilizama. Tulishuka, tukasukuma, tukapanda, tukashuka tena. Kila mara nilisikiliza nyuma yangu. Niliposikia Doto akihema niliogopa, na nisiposikia niliogopa zaidi. Kulwa aliimba wimbo wa shuleni, kisha akauliza kwa nini mwenzake haitikii.

Saa sita mchana tulifika Ntalikwa, wakati ambao tungepaswa kuwa hospitali. Mama Agnesi, mkulima wa pale, alikuwa akianika mihogo. Alituona tunavyosukuma, akacheka.

"Mwalimu! Umeinunua baiskeli ikubebe, au uibebe?"

"Shikamoo, mama. Tunaomba maji."

"Marahaba, karibuni." Akaleta kata ya maji, akamfunua Doto kitambaa usoni. Kicheko kikakatika. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu. "Mwacheni huyu mzima kwangu, muende."

"Hawaachani, mama," Rebeka alisema. "Ni Kulwa na Doto."

"Nimesikia. Hata mimi nimezaa mapacha."

"Wako wapi?"

"Mmoja yuko shambani," akasema, wala hakumtaja wa pili.

Rebeka alinigeukia. "Kaka, sema wewe."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Kulwa akifia kwa mgeni, nitakuwa nimemuua mimi. Doto akifia njiani, vilevile. Ndipo nilipomwambia dada yangu jambo lililokuwa likinitafuna tangu asubuhi: "Zile nusu alizokula Kulwa zilikuwa za Doto. Nilimnyang'anya mgonjwa nikampa mzima. Tusimnyang'anye na njia."

Rebeka alibandua vidole vya Kulwa kwenye khanga yake kimoja kimoja. Kilio chake kilitufuata hadi tukapita mashamba ya mwisho.

Kabla ya saa nane tulikuwa Tabora mjini, mbele ya mganga msaidizi mwenye miwani. Aliuliza Doto alikuwa amekunywa dawa gani. Nikamweleza habari ya wembe. Hakunigombeza.

"Nusu ya dawa haiponyi nusu ya ugonjwa, mwalimu," alisema akiandaa sindano. "Inauacha wote."

Vitanda vilijaa. Doto alilazwa kwenye mkeka chini, katikati ya wagonjwa wawili. Dirishani niliona nyumba nyingine ng'ambo ya bustani, vitanda vimetandikwa shuka nyeupe, havina mtu.

"Na vile?"

"Vile ni vya Wazungu. Punguza sauti, mwalimu."

Nilikaa kando ya mkeka siku tatu nikiyawaza hayo. Mimi niligawa kwa desturi, wao wakagawa kwa rangi, na sote hatukumtazama anayehema. Siku ya tatu Doto aliomba uji. Kisha akauliza, "Kulwa yuko wapi?" Rebeka akageuka kuchukua kikombe cha uji.

Siku ya nane tuliruhusiwa kurudi. Tulipokaribia uwanja wa Mama Agnesi palikuwa kimya, hata kuku hawakusikika. Rebeka alisimama njiani. "Tangulia wewe, kaka."

Niliingia peke yangu. Nyuma ya ghala nikamkuta Kulwa amekaa na Mama Agnesi wakimenya karanga, mashavu yamejaa. "Mchukue mtu wako," mama yule alisema. "Atanimalizia mbegu."

Nyumbani, mama yangu aliwapapasa wote wawili. "Na Kulwa alichomwa sindano?"

"Hapana, mama."

Tangu hapo, kila alfajiri kwa majuma kadhaa nilimsikia akienda kumgusa Kulwa paji la uso, na mara nyingine tulikutana mlangoni, maana hata mimi nilikuwa naenda.

Kulwa hakuugua. Hata hivyo siwaambii kwamba hofu imeniisha. Kugawa sawasawa kuliniondolea lawama, hakukumwondolea Doto ugonjwa. Basi, ndugu zangu, mkipewa dawa ya mmoja, mpeni yote huyo huyo, hata mkiogopa. Mimi bado naogopa.