Mama na mazoezi ya wifi

Leo nimemwonea wivu wifi yangu mpaka chai imenishinda!

Tangu Mama avunjike nyonga, kila siku namsihi afanye zoezi la kuimarisha miguu: ashike sinki, asimame kwa vidole vya miguu, ashuke, asije akaanguka tena. Jibu ni moja: "Niache, nimechoka."

Leo natoka kazini mjini Jeffersontown, nakuta wifi amekuja kumsalimia. Na Mama? Yuko kwenye sinki, anapanda na kushuka, anatabasamu!

Wifi alipoondoka nikauliza, "Mama, nimekukosea nini?"

Akajishusha kwenye kochi, anahema. "Yule ni mkwe. Nitamwonyeshaje udhaifu? Wewe nimekuzaa, kwako ndiko ninakopumzika."

Jamani, hiyo ni sifa au tusi?

Maana kesho nampigia wifi aje tena, na roho inaniuma.