Harusi ya Ofisini

Ilianza Jumatatu, saa nane mchana, nikiwa darasa la kwanza. Nimeikumbuka leo nilipoona kina mama wamevaa sare Tandika.

Mama na wenzake wauza chakula walivaa khanga za sare, wakinukia udi, nami nikadhani tunaenda harusini. Kumbe tulienda kwa afisa aliyeamuru vibanda vyao vivunjwe kesho yake. Wakaketi mlangoni pake, wakaimba na kupiga vigelegele.

“Mama, bibi harusi yuko wapi?”

“Yumo ndani, anaona haya kutoka,” akadakia jirani yetu Mama Zuhura. Wakacheka wote.

Jioni afisa akatoka. “Basi, mama zangu. Havivunjwi tena. Nendeni mkapike.”

Walikumbatiana. Mie nililia, sikuona pilau.

Asubuhi, kibandani petu, niliosha sahani huku nimenuna.