Njia ya Kuzunguka Makka

Kila nikikumbuka Riyadh, kinachonijia kwanza ni sauti ya mlango wa bati unaoteremshwa dukani. Adhana ikianza tu, vijana wa duka wanazima nusu ya taa, mlango unashuka kwa kishindo, na wewe mwenye kikapu chako cha nyanya na mtindi unaambiwa uchague: utoke sasa hivi ukangoje kwenye joto, au ubaki humo ndani mpaka sala iishe. Mama yangu siku zote alichagua kubaki. Alisema nje kuna vumbi, ndani kuna kiyoyozi, na hajasikia bado mtu aliyekufa kwa kukaa karibu na kuku wa barafu. Basi tulikaa juu ya magunia ya mchele, mimi na yeye na mabaibui yetu meusi, tukinusa sabuni na iliki, pamoja na wanawake wengine wa kila taifa ambao nao hawakutaka joto. Watu wazima waliokuja kutoka nchi nyingine walilalamika sana juu ya kufungiwa huko. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na saa hiyo ya kufungiwa nilikuwa naingoja wiki nzima.

Sababu yenyewe ni hii. Sisi ni Wahindi wa Tanga. Mezani tulizungumza Kigujarati na kwingine kote Kiswahili, na kusema kweli hata mezani Kiswahili kilikuwa kinapenya. Baba ni mhasibu. Mwanzoni mwa miaka ile ya elfu mbili na kumi mawakala walikuwa wakizunguka pwani yote kutafuta watu wa kwenda Saudia: wasichana wa kazi za ndani, madereva, walinzi, na watu wa ofisini kama yeye. Alipata mkataba kwenye kampuni ya vigae vya sakafu yenye ofisi mtaa wa Olaya, katika jengo la vioo vitupu, akatuchukua mimi na mama. Nikaandikishwa shule ya Wahindi, nikadhani nimefika kwa wenzangu. Wapi. Wenzangu walizaliwa Kerala na Hyderabad, Kihindi kinawatoka kama maji, na mimi cha kwangu kilikuwa cha kubahatisha. Siku mwalimu aliponisimamisha nisome, darasa zima liliangua kicheko, na tangu hapo jina langu likawa Mwafrika. Kwenye basi la shule, lenye mapazia madirishani ili wasichana tusionekane, nilikaa kiti cha nyuma nikajinyamazia. Ilikuwa inawezekana kabisa kwangu kumaliza siku tano za shule bila kusema zaidi ya "ndiyo, mwalimu."

Halafu akatokea Mwanasiti. Bosi wa baba, ambaye ndiye pia aliyekuwa kafili wetu, mwenye kushika karatasi zetu zote, alitualika nyumbani kwake sikukuu. Wanaume walikwenda upande wao na sisi tukaingizwa upande wa wanawake, tukakaa kwenye makochi ya dhahabu tukitabasamu mpaka mashavu yakauma, maana madam wa nyumba hakujua lugha yetu wala sisi hatukujua yake. Mtumishi akaleta kahawa. Mama, kwa mazoea ya nyumbani, akasema asante. Yule mwanamke nusura amwage birika. Alikuwa Mdigo wa Msambweni, pwani ya Kenya, mtu wa karibu thelathini na tano, mweusi, mnene kiasi, mwenye pengo la mbele. Kutoka kwao mpaka kwetu ni kuvuka mpaka tu. Hakusema kitu mbele ya madam, lakini alipopita kuchukua vikombe alininong'oneza, "Kumbe wewe u wa kwetu." Nilitaka kulia.

Kuanzia hapo tulikutana naye dukani kila mwisho wa wiki, kwa sababu madam alimtuma kununua mboga na mama akahakikisha tunakwenda saa ileile. Dereva wa bosi, mzee wa Kipakistani mwenye heshima zake, alikuwa akimshusha mlangoni kisha anakwenda msikitini. Mlango ukishashushwa, Mwanasiti aliswali kwanza pale pembeni ya mafriji, akakunja mswala wake, akaja kukaa nasi kwenye magunia. Hapo ndipo nilipoishi. Alinitania kwa Kiswahili changu cha Tanga, mimi nikamtania kwa chake, mama akasimulia habari za mashemeji zake bila kuficha hata moja. Simu ya Mwanasiti madam aliishika, anampa mara moja kwa mwezi aongee na mama yake. Mshahara alipata, kupigwa hakupigwa, yeye mwenyewe alisema anamshukuru Mungu kwa hilo. Ila kitu kimoja kilimkaa rohoni. Alikubali kuja Saudia badala ya Dubai kwa sababu ya Makka. Mama yake alimwambia hata akifagia tu nchi ile, akifika Makka siku moja, basi safari imelipa. Na miaka ilikuwa inakwisha, madam hana nafasi, bosi hana nafasi, na Mwanasiti alikuwa anaijua Makka kwa televisheni kama mtu wa Msambweni tu.

Ikaja likizo ya shule. Baba alitakiwa Jedda wiki tatu kupanga hesabu za tawi la kule, akaamua twende naye kwa gari tukaone bahari. Wakati huohuo mama mzazi wa bosi, aliyekaa Al-Baghdadiyah, Jedda, aliondokewa na mtumishi wake, na bosi akaamua kumpeleka Mwanasiti. Mpango ulikuwa asafiri na yule dereva wa Kipakistani, ambaye alikuwa anakwenda huko na mkewe siku moja baada yetu. Niliposikia hivyo sikumpa baba pumziko. Nilimfuata sebuleni, nikamfuata jikoni, nikamnunia mezani: kwa nini Da Siti asije na sisi, kiti cha nyuma kina nafasi, nitakaa na nani njia nzima? Baba hatimaye alimwomba bosi, akaongeza na ombi la pili, kwamba Mwanasiti aruhusiwe kufanya umra, ile hija ndogo, njiani kwa kuwa barabara inapita Makka. Bosi alikuwa kwenye simu. Akasema mafi mushkila, hakuna shida, akaendelea na simu yake. Mwanasiti mwenyewe alipoulizwa anataka gari lipi, alisema letu, tena kabla baba hajamaliza kuuliza.

Sasa nieleze kosa letu, maana mtu anayeijua nchi ile ameshaliona. Baba yangu ni mtu anayehesabu chenji mara tatu. Alijua vizuri kwamba sisi, Wahindu, haturuhusiwi kuingia Msikiti Mtukufu. Alichodhani ni kwamba katazo ni la msikiti peke yake. Katika akili yake barabara kuu ilipita pembeni ya mji, pana kituo cha mafuta, Mwanasiti atachukua teksi hapo, na sisi tutamngoja tukinywa chai hata kama ni mpaka jioni. Mwanasiti naye alidhani hivyo. Mama alidhani hivyo. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu wa kuuliza wangekuwa Waislamu wa pale ofisini, na baba aliona aibu kidogo kuulizia Makka akiwa na ubani wa miungu yake kwenye droo.

Tuliondoka alfajiri. Jamani, ile safari! Jangwa limenyooka masaa na masaa, hakuna cha kutazama isipokuwa ngamia na nguzo za umeme, na mimi sikumbuki kuchoka hata kidogo. Mwanasiti alileta mahamri, mama alileta chapati za majani ya methi na achari ya embe, tukala mpaka viti vikajaa makombo. Mwanasiti alimsema baba kwamba anaendesha gari kama amepakia mayai. Alinifundisha matusi mawili ya Kidigo, mama akajifanya hasikii. Karibu na Taif tulisimama mahali ambapo mwenye kwenda umra hutia nia, pana msikiti mkubwa na mabafu na mabasi ya mahujaji. Sisi tulingoja garini. Mwanasiti alirudi ameoga, amevaa nguo nyingine safi, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alizungumza polepole. Nilipompa karatasi yenye manukato ajifute mikono aliikataa kwa upole, akanieleza kwamba ukishatia nia hujipaki tena manukato mpaka umalize. Kisha akaanza kuitikia ule wito wao wa labbaika, chinichini, akitazama mbele. Baba akazima redio.

Kibao tulikiona kwa mbali, kikubwa, juu ya barabara. Mimi ndiye niliyekisoma kwa sauti, kwa kuwa nilikuwa napenda kuonyesha kwamba nasoma Kiingereza vizuri kuliko watu wazima. Nilisoma kwamba njia hii ni ya Waislamu peke yao, na wasio Waislamu watoke kulia. Nilikuwa nimeshafika mwisho wa sentensi ndipo nikaelewa nilichokisoma. Baba akapunguza mwendo. Mbele palikuwa na polisi, akamwomba ikama, yaani kile kibali cha ukaazi kinachotaja na dini ya mtu, akakitazama, akaonyesha kulia kwa kidole. Baba akashuka. Kiarabu chake kilikuwa cha vigae na ankara, lakini alijitahidi: huyu mwanamke ni Mwislamu, ametia nia, apande teksi, apande basi, sisi tutazunguka tumngoje upande wa pili. Polisi hakuwa mkali. Aliuliza barua ya kafili iko wapi, na ndugu yake wa kiume yuko wapi, akasema hawezi kumwachia mwanamke barabarani peke yake. Nyuma yetu magari yakaanza kupiga honi. Akasema yalla, yalla, haya endeni, huku akimpigapiga baba begani kama mtu anayemwonea huruma.

Baba alirudi garini akaweka mikono juu ya usukani, hakuwasha. Akasema, "Dada, nisamehe. Sikujua." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimwomba msamaha mtu yeyote.

Mwanasiti alisema, "Twende tu, baba. Twende, tunazuia watu."

Tukatoka kulia. Ile njia ya kuzunguka ni ya milima mikavu, mawe meusi, na ilikuwa ndefu. Mwanasiti hakulia. Aliendelea kukaa wima vilevile, mikono juu ya magoti, ila labbaika ilikuwa imekwisha. Niliutazama mdomo wake njia nzima nikingoja uanze tena. Nilijua kabisa, kwa akili yangu ya miaka kumi na miwili, kwamba kama nisingenuna mezani angekuwa kesho yake kwenye gari la yule mzee, na mkewe, na barua ya bosi mfukoni, wakipita chini ya kibao kile bila kuulizwa. Nilitaka kusema neno. Kiswahili changu chote nilichokililia mwaka mzima kilinikauka. Tulimshusha Al-Baghdadiyah kwa yule bibi, mama wa bosi, jua linazama, akiwa bado ndani ya nia yake, na baadaye nikasikia kwamba alimtafuta mwenye elimu ya dini amweleze namna ya kutoka kwenye nia hiyo bila umra. Siku mbili baadaye dereva na mkewe waliwasili wakiwa wametoka umra. Walimletea maji ya zamzam kwenye chupa ndogo. Mama alinisimulia kwamba aliyapokea kwa mikono miwili na kuwashukuru sana.

Yule bibi wa Al-Baghdadiyah alikuwa amepooza, hageuki kitandani bila mtu. Mwanasiti hakutoka nyumba ile mpaka mkataba wake ulipokwisha, akapelekwa moja kwa moja uwanja wa ndege wa Jedda. Makka iko jirani pale, watu wa Jedda wanakwenda na kurudi kama sisi tunavyokwenda sokoni. Sisi tulirudi Riyadh, nikarudi kwenye kiti changu cha nyuma, na dukani mama akaanza kuchagua kungoja nje kwenye joto.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi mno. Viza unaiomba kwa simu ukiwa umelala kitandani, wanawake wanaendesha magari yao wenyewe, treni inatoka Jedda mpaka Makka, na majirani wa Mwanasiti kule Msambweni wanakwenda umra kwa makundi, wanarudi na picha. Mimi nafundisha hesabu Tanga, nina mtoto wangu wa kike anayenisema kwa Kigujarati changu kibovu. Mwanasiti nilimpata miaka michache iliyopita kupitia binamu yake, na tunapigiana simu. Nilipompata nilishapanga moyoni kwamba nitamtafutia nafasi kwenye kundi mojawapo, iwe mwisho wa habari. Nilichelewa. Figo zake zimeharibika, anasafishwa damu Mombasa kila wiki, na daktari hataki kusikia habari ya safari.

Mwezi uliopita nilijikaza nikamwambia. Nilimwambia kuwa ni mimi niliyemsumbua baba, kuwa alikuwa aende na yule mzee. Alicheka, akapumzika kidogo kwa kuwa pumzi zinamwisha upesi. "Mwanangu, gari nililichagua mimi. Nilitaka kuzungumza. Wajua ilikuwa miezi mingapi sijacheka?" Nikamsikia ananywa maji. Nilikuwa nimeanza kupumua vizuri, nikidhani tumemaliza, aliponiuliza kwa sauti nyingine, ya chini, "Hivi Hina, wewe msomi. Pale njia ilipogawanyika, Makka ilikuwa imebaki mbali?"

Ninajua ilikuwa imebaki kiasi gani. Nimeitazama kwenye ramani zaidi ya mara moja. Ni mwendo wa nusu saa.

"Mbali, Da Siti," nikamwambia. "Mbali sana. Tusingefika siku ile."

"Basi," akasema. "Alhamdulillahi."