Amiba Wangu na Mama Mkwe

Shule niliacha darasa la sita, kabla hatujafika kwenye wadudu wa tumboni. Hao nilikuja kujifunza kwa vitendo.

Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa, nikawa nashinda chooni kuliko shambani, na damu inatoka. Nikapanda pikipiki toka kijijini kwetu Matiri mpaka kituo cha afya. Dada wa maabara akapima, halafu akaniita nichungulie kwenye hadubini.

"Huyo ndiye amiba, kaka. Na hivyo viduara ni damu yako."

Nikaona kitu kama tone la uji. Mdomo hakina, jino hakina. Kikavuta ubavu mmoja, ubavu ukawa kama mkono, ukazunguka kiduara taratibu mpaka ncha zikakutana. Damu yangu ikabaki ndani, kwenye kifuko.

"Humo anaimwagia majimaji ya kuyeyusha," dada akasema. "Kinachofaa anakifyonza, makapi anayatema nje, anaenda zake. Na utumbo wako anaumega ungali hai, kidogo kidogo."

"Hata kunawa hanawi?"

"Wewe ulinawa? Ungenawa angepitia wapi?"

Nikarudi na vidonge, najiona nusu daktari. Nyumbani mke wangu akaninong'oneza: mama yake, aliyetoka Lituhi kuja kutusaidia kuchuma, naye anatoa damu. Amekonda mpaka kanga inamzunguka mara tatu, lakini hospitali hataki, anaona aibu mkwe asije akajua. Anasingizia hamu ya usipa, dagaa wa kwao ziwani. Na maji tulikuwa tunakunywa ya mtungi mmoja, hayajachemshwa, kwa sababu yeye alisema ya kuchemsha yana ladha ya sufuria.

Sasa mama mkwe unamwambiaje habari za choo? Mimi hata kupiga chafya mbele yake natoka nje kwanza.

Nikakaa na mke wangu chini ya dirisha la chumba cha mama, tukaanza kula. Nikapaza sauti.

"Mke wangu, huyu amiba wangu hana meno, lakini anamega! Leo kipande, kesho kipande. Mimi nikinyamaza, yeye hata hashtuki." Nikachukua tonge, nikalizungusha kwenye harage moja mpaka harage likapotea. "Anakula hivi!"

Sauti ya mama ikatoka dirishani: "Mwanangu, muulize mumeo, hivyo vidonge vinamuua huyo mdudu?"

"Mwambie mama vinamuua kabisa."

"Muulize, anayepima ni mwanamke?"

"Mwambie ni mwanamke, na mdomo anao."

Mke wangu, aliyekaa katikati, hakupata nafasi hata ya kumeza.

Dakika chache baadaye mlango ukafunguka. Mama akatoka na kitenge cha kanisani, ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Nikasimama haraka, nikatazama chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Niitie pikipiki. Na mwambie dereva asirushe kwenye mashimo, tumbo langu halina breki."