Kichwa cha Ndoo ya Bwana Mkubwa

Leo nimechapwa viboko kwa kuzibua ndoo.

Ndiyo, ndoo! Ile yenye mrija na kichwa cha matundu, ya kumwagilia nyasi za Bwana Mkubwa, Mjerumani wetu wa hapa boma la Songea.

Mashamba yetu waliyachoma wakati wa vita, watoto wanakula mizizi ya porini, lakini nyasi zake lazima zinywe asubuhi na jioni.

Na maji ya mto hazinywi, eti machafu. Anataka ya kisima alichotuchimbisha.

Sasa kile kisima maji yake yana chokaa, acha kabisa! Yakikauka yanaacha ukoko mweupe mgumu kama jiwe. Leo ukoko umeziba matundu yote ya kichwa cha ndoo, maji yakagoma kutoka.

Nikachomoa kichwa, nikajaza maji mdomoni, nikayapuliza ndani ya kichwa kwa nguvu zote.

Yakafyatuka, yakamrukia Bwana Mkubwa usoni. Sikujua kama anapita.

Jamani, mlitakiwa muwepo. Mzungu mzima alipiga yowe, "Dawa! Amenitia dawa!" Akakimbilia ndani akijifuta uso kwa mikono miwili.

Kisha wakaja askari na kiboko.

Huyu ndiye aliyetucheka kwa kunyunyiziwa maji ya dawa, tukaamini risasi za Wajerumani hazitatuua. Aliwanyonga ndugu zetu huku anacheka.

Leo nitalala kifudifudi, mgongo unawaka moto.

Ila nijibuni, wenzangu: kati yetu na yeye, nani bado anaamini yale maji?