Nilifuta Jina la Mfungaji kwa Mkono Wangu

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na nyumbani ni kijiji kimoja huku Kaisho. Jina langu mlifiche vizuri, maana hata baba husoma ukurasa huu.

Shuleni kwetu kuna daftari kubwa la historia ya timu ya kijiji. Yeyote anaweza kuongeza au kusahihisha, mradi ataje aliyemsimulia, na kila habari iwe na mashahidi wawili. Sheria hiyo niliileta mimi, mtunza daftari. Wenzangu wakaniita Hakimu.

Goli la fainali ya mwaka wa kabla ya vita vya Rwanda lilikuwa limeandikwa la jirani yetu, nimwite Mzee Kushoto, ambaye kwao asili ni huko. Shahidi alikuwa mmoja, tena marehemu. Nikamwuliza baba, aliyekuwa kipa wetu siku ile.

"Sikumbuki kama alikuwepo," akasema. "Ninyi wasomi si mnataka uhakika? Futa."

Nikafuta. Pembeni nikaandika: hakuna ushahidi kwamba alichezea timu. Nilijiona mwadilifu.

Baadaye watu wenye asili ya nje wakaanza kuhojiwa na maofisa. Mzee Kushoto akatakiwa aonyeshe kwenye kikao cha kijiji kwamba alikuwa hapa kabla ya vita, la sivyo aondoke na kuacha kibanja chake, yaani shamba lake la migomba. Akacheka: "Kaangalieni daftari la timu!" Wakaangalia. Wakakuta mwandiko wangu.

Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia: "Marahaba, mwanangu. Ulinitafuta ukanikosa? Mbona nakaa hapo tu, nyuma ya migomba yenu?"

Kweli, yeye mwenyewe sikumwuliza hata siku moja.

Jumapili baba alikuwa akinywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mjomba. Nikamsikia: "Lile guu la kushoto! Kipa wao alibaki amekaa chini kama anangoja kupakuliwa ndizi!"

"Shemeji, hilo lisahau mpaka kikao kipite," mjomba akasema. Wakacheka sana.

Jana nimemkuta baba ameipanga miche ya migomba kwenye mpaka wetu na Mzee Kushoto. Kwetu hakuna pa kupanda hata mche mmoja.

"Ya kupanda wapi, baba?"

"Nafasi itapatikana."

Kikao ni mwezi ujao, na nimeagizwa nilipeleke daftari. Jina nimeshalirudisha kwa penseli. Panapotakiwa shahidi wa pili bado ni patupu, na anayestahili kuandikwa pale ni baba yangu mzazi, atakayenikana mbele ya watu. Ndugu wasomaji, ninyi mngekuwa mimi, mngemwandika?