Atupele ameingia kwenye katuni

Mwanangu Atupele amenivuta gauni leo nikiwa nimejibanza nyuma ya mlango.

Ngojeni niwaeleze.

Mdogo wangu Lusekelo na wenzake wa mtandaoni wanamalizia katuni ya zamani ambayo watengenezaji waliiacha njiani. Hawalipwi, wanaipenda tu. Michoro mingine bado ni ya penseli, na watu wake hawana sauti.

Humo kwenye katuni kuna mama kajificha, analikimbia jitu. Mwanawe anamwambia atoke. Sauti ya huyo mtoto akaombwa Atupele. Leo ndiyo mwisho, la sivyo anapewa mtoto mwingine.

Tangu asubuhi nambembeleza. Nikiwasha simu irekodi, kimya. Nikampa ndizi ya kuchoma. Kala, kanyamaza.

Mara baba mkwe akakohoa nje. Huku kwetu Suma wazee bado wanashika mila, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Akikohoa, unapisha. Nikakimbilia nyuma ya mlango, simu nikaiacha mezani inarekodi.

Atupele akanifuata, akasema kwa huruma, "Mama, toka. Ameshapita. Mimi nipo."

Jamani, nimecheka huku machozi yananitoka.

Nikaituma hivyo hivyo. Lusekelo kajibu, "Dada, ndiyo hiyo. Tumeichukua."

Sasa mama mkwe kamsikilizisha baba mkwe hiyo rekodi, mzee kafurahi sana. Ila anauliza, huyo aliyepita ni nani?

Wakwe wenzangu, nisaidieni. Namjibuje, maana aliyepita ni yeye mwenyewe, na nikisema ni jitu lenye...

Ngojeni, mama mkwe ananiita, anasema mzee bado anasubiri